Aliyeingia na Aliyetoka

Mji ule una jina, na Raya aliambiwa jina hilo mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote aliyeishi humo, lakini halikukaa. Kila asubuhi lilimponyoka, naye akajifunza kuishi mahali pasipo na jina kama watu wengine wanavyojifunza kuishi na jicho moja. Mitaa ya mji huo nayo haikutulia. Duka la mkate lililokuwa kulia jana, leo lilikuwa kushoto. Ngazi za soko zilipanda pale alipotaka kushuka. Watu walimwambia mitaa haihami, kinachohama ni kichwa chake. Raya hakubishana nao. Iwe mitaa ndiyo iliyohama au kichwa, aliyepotea alikuwa ni yeye.

Jengo moja tu halikuhama. Hilo lilikuwa Jumba la Mionzi, jeupe, juu ya kilima, lisilo na dirisha hata moja upande wa chini. Raya aliliona kutoka kila pembe ya mji. Hata akifumba macho alijua liko upande gani, kama ulimi unavyojua pengo la jino lililong'oka.

Asubuhi ile simu ililia wakati mama yake, Bi Sauda, akichuja chai. Bi Sauda alisikiliza, akaitikia "naam, daktari" mara kadhaa, kisha akaiweka simu mezani na kubaki amesimama na chujio mkononi, majani ya chai yakidondoka sakafuni.

"Daktari Mavura anatuita kule Jumbani," alisema. "Kuna mama amegoma kumwingiza mtoto wake. Daktari anataka mama huyo akuone."

"Anione mimi?"

"Aone mtu aliyeingia akatoka."

Raya aliyapokea maneno hayo na kuyaweka mahali anapoyaweka maneno yote, akingoja yafunguke. Yalifunguka walipokwisha kuvaa na kufika nusu ya kilima. Hapo ndipo aliposimama na kusema, "Mama, mimi nilitoka?" Bi Sauda alikuwa ametangulia mbele, akihema, na hakusikia, au alisikia.

Raya alikuwa na umri ambao wasichana aliosoma nao walikuwa na watoto wa kupeleka shule. Urefu wake ulikuwa wa binti wa miaka kumi na miwili. Kisogoni nywele hazikuota tena, kwa hiyo hakutoka nyumbani bila kitambaa. Kila siku alimeza vidonge vya kuufanyia mwili kazi ambayo kichwa kilisahau kuuagiza. Alifanya kazi kwa fundi cherehani mmoja mpole, ya kutenga vifungo kwa rangi na ukubwa, na aliipenda, kwa kuwa kifungo hakiharakishi mtu. Aliwahi kuposwa. Mwanamume yule alikuja nyumbani mara chache, akatania, akangoja, na mwishowe akawaambia wazee wake kwamba hawezi kuishi na mke anayecheka kesho.

Kabla ya hapo palikuwa na mtoto mwingine. Kila mtu mtaani alimkumbuka isipokuwa Raya. Mtoto huyo alisoma kwa sauti mabango yote ya barabarani akiwa mgongoni kwa mama yake, kabla hajatia mguu darasani. Alimsahihisha mwalimu hesabu ubaoni na mwalimu akacheka hadi akafuta machozi. Alijibu swali kabla halijamalizika kuulizwa, na Bi Sauda alizoea kumfunika mdomo kwa kiganja mbele ya wageni, kwa aibu iliyojaa majivuno. Kisha mtoto huyo akaanza kuamka na maumivu ya kichwa. Akatapika alfajiri kadhaa mfululizo. Akaanza kupepesuka akitembea, na watoto wenzake wakaigiza mwendo wake wakidhani ni mchezo. Madaktari wakamkuta na uvimbe nyuma ya ubongo. Wakaukata, na yale mabaki ambayo kisu hakikuyaona wakayapeleka Jumbani yachomwe kwa mionzi.

Jumba lilimrudisha akiwa hai. Majirani walipika pilau, wakapiga vigelegele, wakambeba juu juu. Siku ile hakuna aliyetambua kwamba kuna kitu kimebaki ndani, kwa kuwa kilichobaki hakikuacha damu wala kovu. Darasa la pili alikwenda na wenzake. La tatu alianza kuachwa. Hakusahau alichokuwa anakijua, alishindwa kuongeza. Wenzake walikua kama mimea na yeye alikua kama jiwe linavyokua, yaani watu walimzoea. Walimu walisema ni mvivu. Baadaye walipojua, wakasema maskini, na neno hilo la pili ndilo lililomtoa shuleni.

*

Mtu akikatwa mguu, huulizwa. Huambiwa: mguu huu au roho yako, chagua. Naye hulia, huchagua, na mguu ukizikwa, anayeulilia ni mwenyewe.

Mimi kilichotolewa ni kile ambacho ningejibia swali.

Nani basi mwenye mamlaka ya kutoa sehemu ya mtu ili mtu abaki? Na anayebaki anaitwa nani, ikiwa kilichokwenda ndicho kilichokuwa kikisema "mimi"?

Nilikuwa nalijua neno la kumalizia hapa. Lilikuwepo sasa hivi.

*

Ndani ya Jumba muda haukwenda mbele. Ulizunguka ukumbini pamoja na harufu ya dawa ya kupigia deki, ukapita palepale na kupita tena. Raya alipovuka mlango alihisi miguu yake inapungua, viatu vinampwaya, mkono wake unamtafuta mama. Hakujua kama anaingia leo au anaingia siku ile. Kuta zilikuwa zilezile za kijani hafifu. Mwishoni mwa ukumbi alimwona msichana mdogo mwenye mikia miwili ya nywele akikimbia peku, akisoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye milango: "Dawa! Choo cha Wanawake! Usiingie! Hatari!" Raya alidhani amemwona yule aliyebaki ndani, kwamba Jumba lilimtunza miaka yote hii, na kwamba sasa anakuja kuchukuliwa.

Msichana alimfikia, akamtazama usoni, akauliza, "Wewe ni mtoto au mtu mzima?"

"Arafa! Hebu njoo hapa!" sauti ya mwanamke iliita kutoka kwenye benchi.

Basi hakuwa yeye. Alikuwa Arafa, mtoto ambaye mama yake amegoma. Raya aliegemea ukuta hadi miaka yake ikamrudia mwilini.

Daktari Mavura alitoka ofisini kuwalaki. Alikuwa mzee sasa, mwenye mabega yaliyoshuka, lakini mikono yake ilikuwa ileile, mikavu na ya joto. Aliwavuta pembeni, Raya na Bi Sauda, na kuongea kwa sauti ya chini.

"Kinyago cha kushikilia kichwa cha mtoto kiko tayari, mashine iko tayari, leo ni siku yake ya kwanza. Mama yake amefika hapo mlangoni, akakaa. Anasema hatoi mtoto. Nisaidie, Raya. Mwambie ulivyopona."

"Nimwambie kila kitu?"

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa koti, akairudisha. "Mwambie uko hai," alisema. "Leo hilo linatosha. Mengine nitamwambia mwenyewe, polepole."

Mama Arafa alikuwa mwanamke kijana aliyevaa dera la bluu, ameshika ndala za mwanawe kifuani kama anayeogopa kuibiwa. Daktari alipomtambulisha Raya, mama huyo alimtazama kama mtu anavyokitazama kitambaa dukani, akikivuta huku na huku kuona kama kitachanika. Aliona kimo chake. Aliona kitambaa cha kichwani. Kisha akasogea kumpa nafasi kwenye benchi.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bi Sauda kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Pole na mgonjwa."

"Ahsante, tumeshapoa." Akamgeukia Raya. "Dada, mimi sina maneno mengi. Nina swali moja. Mtoto huyu anajua kusoma na hakufundishwa na mtu. Jioni ananisimulia hadithi mpaka nasinzia mimi, yeye bado yuko macho. Akiingia mle, akitoka, atakuwa huyuhuyu?"

Swali lilitua ndani ya Raya na kuanza safari yake ndefu. Benchi lote lilingoja. Daktari alikohoa. Bi Sauda, ambaye kwa miaka alizoea kumjibia binti yake ili watu wasichoke, alifungua mdomo: "Alipona vizuri tu, Mama Arafa, ana..."

Raya aliinua mkono. Bi Sauda akanyamaza, kwa mshangao zaidi kuliko kwa kutii.

"Hapana," Raya alisema. "Hatakuwa huyuhuyu."

"Raya," daktari alisema taratibu.

"Atakuwa hai. Atakula, atacheka, atakupenda. Lakini watu wataongea, na maneno yao yatafika kwake wakiwa wameshaondoka. Atasoma ukurasa, akifika chini, wa juu utakuwa umefutika. Ataanza jambo..." Akasimama. Jambo lenyewe lilikuwa limempotea. Aliitazama mikono yake, akaona vidole vinatenga vifungo visivyokuwepo. "Atasimama katikati hivi, kama mimi sasa. Na watu watamsubiri kwa huruma. Mimi nilikuwa kama yeye. Wananiambia hivyo. Simkumbuki."

Mama Arafa alimgeukia daktari. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia atapona."

"Mbona hukuniambia?"

Mama Arafa aliinuka, akamshika Arafa mkono, akashuka naye ukumbini bila kumvika ndala, na milango ya nje ikabaki ikiyumba nyuma yao.

Daktari alikaa kwenye benchi pale alipokuwa amekaa mama yule, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

"Najua ulichosema ni kweli," alisema. "Nimewaona wengi wa aina yako, kila mwaka, mnakuja nikupimeni, nami naona. Lakini nimewahi kuwaambia wazazi mapema, wengine wakakimbia. Watoto wa wale waliokimbia sijawahi kuwaita waje wazungumze na mtu, Raya. Hawapo. Uvimbe ule hautasubiri mama yake amalize kuhuzunika."

Maneno hayo yalimwingia Raya haraka. Yalikuwa ya kwanza kumwingia haraka tangu akumbuke, na alitamani yangechelewa. Ukweli wake alioutoa kwa shida, ambao kwa mara ya kwanza maishani aliusema mwenyewe bila kukatizwa, ulikuwa sasa umetoka nje, umemshika mtoto mkono, unateremka naye kilima. Je, ukweli ukiua, aliyeusema ni nani? Na uongo ukiponya, aliyeponywa anaishi ndani ya nini? Alijaribu kuyashika maswali yote mawili kwa pamoja yakamwanguka. Kilichobaki mkononi kilikuwa picha ya miguu ya Arafa, peku, kwenye sakafu ya baridi.

Aliinuka akawafuata.

Hawakuwa wamefika mbali. Nje ya lango kulikuwa na ukuta mfupi ambapo jamaa za wagonjwa huanika nguo, na hapo, kati ya mashuka yenye maji, Mama Arafa alikuwa amepiga magoti akimshika mwanawe paji la uso. Mtoto alikuwa anatapika. Alitapika bila kulia, kwa mazoea, kama mtu anayefanya kazi aliyokwisha kuizoea; alipomaliza akasema, "Leo si nyingi, mama," ili amfariji.

Raya alisimama kando. Mama Arafa alimfuta mwanawe mdomo kwa pindo la dera.

"Umenifanyia nini, dada?" alisema bila kugeuka. "Nilikuja hapa nikiwa na hofu moja. Sasa ninazo mbili, na zote zina haki."

"Nisamehe."

"Sitaki nikusamehe. Nataka uniambie nifanye nini."

Hatua nzito zikasikika nyuma yao. Alikuwa Bi Sauda, mkono mmoja kiunoni, jasho likimtiririka. Aliketi juu ya ukuta mfupi bila kualikwa, akapumua, akamtazama yule mama kijana kwa muda mrefu.

"Niulize mimi," alisema. "Hilo swali si lake. Ni langu."

"Haya, mama. Ungejua, ungempeleka?"

"Ningempeleka." Bi Sauda alilisema upesi, halafu likamlemea na akalazimika kulirudia. "Ningempeleka nikilia, lakini ningempeleka. Mtoto akifa hakuna wa kumwomba radhi kwa makosa yako, unabaki nayo peke yako. Hapo sijuti. Ninachojuta ni kingine." Alilichukua shuka lililokuwa likidondosha maji karibu na bega lake, akalikamua ncha, akaliacha. "Walipomtoa mle, mimi nilipokea mwili nikashukuru. Nikakaa kumsubiri yule mwingine. Nilisema ni uchovu, atarudi. Nikasema ni dawa, zitaisha, atarudi. Alipofeli nikasema mwakani. Mwanangu, huyu hapa alikuwa mezani kwangu anakula, nami macho yangu yako mlangoni namsubiri yule aliyeingia. Miaka yote. Sikumpokea aliyetoka. Sikumwambia hata neno 'karibu'."

Raya alisikia. Alisikia kila neno kwa wakati wake, na lile la mwisho lilipofika, nyumba yote aliyokulia ilibadilika sura. Ule ukimya wa wakati wa kula. Zile nguo za mtoto mwenye akili ambazo mama hakuzigawa. Namna mama alivyomtazama akiingia chumbani, mtazamo wa kitambo kidogo, kabla haujapoa, kama mtu aliyesikia hodi akafungua akakuta si mgeni wake. Kumbe alikuwa akiishi kwenye nafasi ya mtu. Alikuwa akikalia kiti cha mtu ambaye mama yake bado anamwekea chakula.

Hakukasirika. Alimwonea huruma mtoto yule wa zamani, aliyesubiriwa hivyo na hajui. Akajionea huruma na yeye. Zile huruma mbili zilipokutana alishindwa kujua ipi ni ya nani.

"Na wewe?" Mama Arafa alimuuliza. "Wewe mwenyewe. Ungetaka uingizwe?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Si mama, si daktari, si yule aliyemposa. Swali lilisafiri ndani yake likipita vyumba vilivyoungua na vilivyosalia, likigonga kila mlango. Mashuka yalipepea. Bi Sauda aliuma mdomo wa chini asije akajibu. Arafa alichoka kusimama akakaa juu ya miguu ya mama yake.

"Ningetaka niulizwe," Raya alisema mwishowe.

"Ungejibuje?"

"Sijui. Nilikuwa na akili sana, wanasema. Labda ningejibu vizuri."

Mama Arafa alicheka, kicheko kilichokatika katikati kikawa kilio. Akamsukuma mwanawe mbele kidogo, kwa Raya, kwa kiganja mgongoni. Raya hakuhitaji kuinama sana ili wakutane macho.

"Arafa, una kitu kichwani kinachokutapisha," alisema. "Unajua?"

"Najua. Kinaitwa uvimbe."

"Kitakuua. Wanayo mashine ya kukichoma. Utavaa kinyago, kinabana, lakini hakiumi. Utalala peke yako, mlango mzito umefungwa. Ukiitikisa shingo wanaanza upya. Mashine itakichoma, na itachoma na vitu vingine vilivyo karibu. Baadaye utakuwa mzito. Utasahau."

"Nitasahau kusoma?"

"Hapana. Utasoma polepole."

"Nitasahau hadithi zangu?"

Raya alifikiri. "Nyingine. Ndefu ndefu."

Arafa aliipima habari hiyo kwa uzito, uso umekunjamana. "Nitakuwa mfupi kama wewe?"

"Labda."

"Mama atanijua?"

Raya alimtazama Bi Sauda, na Bi Sauda aliinamisha macho. "Hilo," Raya alisema, "muulize yeye."

Arafa aligeuka na kumtazama mama yake. Hakurudia swali. Mama Arafa aliziokota ndala kutoka kwenye nyasi, akamvika moja, akamvika ya pili, akamfunga kamba ya nyuma kwa uangalifu kana kwamba wanakwenda safari ya mbali. Kisha akamwinua mgongoni, ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea, akaanza kupanda kuelekea Jumbani. Mtoto, begani kwake, alikuwa akisoma kibao cha langoni kwa sauti.

*

Kinyago hulainishwa kwa maji ya moto, hubandikwa usoni, hukauka na sura yako. Kinakuwa uso wako kuliko uso. Ukikua, chenyewe hakikui.

Wanakiweka wapi baadaye?

Sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kwenda kula pilau.

*

Waliufunga ule mlango mzito, na Mama Arafa akasimama mbele ya skrini akimwona mwanawe, mdogo kuliko ukucha, amelala, uso umebanwa mezani, mikono imenyooka. Mhudumu alimpa kipaza sauti, akamwambia aongee chochote, mtoto atasikia lakini asijibu. Mama Arafa hakuwa msimulizi. Msimulizi alikuwa ndani. Alianza kusema vitu alivyoviona mbele yake: kuna meza hapa, kuna kikombe cha mtu, kikombe kina mpini uliovunjika, mimi niko hapa, kuna meza. Mashine ilivuma. Raya alisikia mvumo huo kwenye kisogo chake.

Daktari Mavura alikuja akasimama karibu naye. "Siku hizi kipimo ni kidogo kuliko chako," alisema, akitazama skrini. "Tumejifunza. Huenda akabaki na vingi."

"Mlijifunza kwetu," Raya alisema.

"Ndiyo."

Alingoja aone kama daktari ataongeza neno. Mzee yule aliutafuta mkono wa Raya kwa mkono wake mkavu wa joto, akaushika kidogo, akauachia. Labda hilo ndilo lililokuwa neno lenyewe. Raya aliliweka ndani lisubiri zamu yake.

Mvumo ulikoma. Mlango ukafunguliwa, na Arafa akatoka kwa miguu yake, akiyumba, mashavu yamechorwa vijitundu na wavu wa kinyago kama ngozi ya samaki. Alisimama kizingitini. Alimtazama mama yake kwa wasiwasi, akajipapasa mikono, akapapasa na tumbo.

"Mama," aliuliza, "ni mimi?"

Mama Arafa aliweka kipaza sauti chini. "Sijui bado, mwanangu," alisema, na mikono akaifungua wazi. "Yeyote uliye, karibu. Karibu nyumbani."

Mtoto akaiendea ile mikono.

Raya aliyaona hayo yote, na kilichomjaa kifuani kilimtia aibu, kwa kuwa kilikuwa wivu. Alimwonea wivu mtoto mwenye uvimbe kichwani, ambaye atarudi pale kesho na kesho kutwa, na kila akirudi atakuwa amepungukiwa na kitu. Alimwonea wivu kwa neno moja. Aligeuka amtafute mama yake.

Bi Sauda alikuwa bado anautazama mlango. Mama Arafa na mwanawe walikwishaondoka, daktari amerudi ofisini kwake, na mhudumu alikuwa ameingia kuipangusa meza ya mashine. Lakini Bi Sauda aliutazama mlango ule kwa makini, shingo ameinyoosha kidogo, kama mtu aliye kituoni anayetazama abiria wa mwisho wakishuka. Mhudumu alitoka na kitambaa chake. Akazima taa. Akausukuma mlango kwa bega hadi ukajifunga.

"Mle hakuna mtu, mama," Raya alisema.

"Najua," Bi Sauda alisema. Kisha uso ukamvunjika. "Najua, mwanangu."

Akageuka akamtazama Raya, safari hii bila ule mtazamo wa kitambo. Alimtazama kimo, alitazama kitambaa, alitazama macho yaliyochoka yenye ukungu mwepesi, na midomo yake ikasogea kutafuta neno ambalo mama mwingine alilipata papo hapo. Halikuja. Lilikuwa limechelewa mno, na mtu huona haya kumkaribisha mgeni aliyekwisha kuzeeka barazani kwake. Alichoweza ni kumshika mkono.

"Umechoka?" aliuliza.

Raya alilifikiria swali. Mama yake alingoja. "Nimechoka," alisema.

"Na mimi pia. Tukae kidogo."

Wakakaa kwenye benchi refu la wanaosubiri, bega kwa bega, wameshikana mikono, ingawa ndani ya Jumba lile hawakuwa tena na mtu wa kumsubiri.